Namba Yangu Kwenye Ubavu wa Farasi

Simu ya kwanza iliingia kabla upepo wa kimbunga haujatulia vizuri.

"Mama, tumempata farasi wako," sauti ya mwanamke ikaniambia.

Wajukuu zangu, mimi sina farasi.

Sijawahi kuwa na farasi. Hata kuku sina. Paka wangu mwenyewe alihama, akaenda kuishi kwa jirani kwa sababu jirani anapika nyama kila siku.

Nikamwambia yule mama amekosea namba. Akasema hapana, anaisoma hapo hapo ubavuni mwa farasi, imeandikwa kwa rangi ya chungwa, kubwa hata kipofu angeipapasa. Akanisomea tarakimu moja moja.

Zilikuwa zangu zote.

Akasema farasi yuko nyuma ya duka la matairi, anatafuna maua ya watu, na niende na trela upesi. Nikabaki nimeshika mkono wa simu kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake.

Nilipourudisha tu mahali pake, ikaita tena.

Huyu alikuwa mzee, ana kigugumizi kidogo. Naye alikuwa na farasi wangu. Kamkuta amesimama uani kwenye bwawa la kuogea, maji yanamfika magotini, anatetemeka mwili mzima.

Ya tatu ilikuwa ya kijana mcheshi. Akaniambia farasi wangu amefunga barabara ya mzunguko, magari yamesimama huku na huku, na askari wa trafiki anamwita yule farasi "bosi" ili akubali kusogea.

Hapo sikucheka.

Mnaonisoma mnajua napenda vitendawili, basi nawategea kimoja ili mjue niko wapi. Mji gani wapangaji wana miguu minne, feni ya dari na daktari wao, na mwenye nyumba analala kwenye joto?

Ni wetu. Lexington, Kentucky.

Hapa mtoto anajifunza kukaa kimya karibu na farasi kabla hajajifunza kuvaa viatu. Na hapa kila mtu, hata muuza donati, anajua maana ya namba ubavuni.

King'ora cha kimbunga kikilia, wapo wanaosema farasi wafungiwe bandani, na wapo wanaosema wafunguliwe waende, maana banda likianguka ndilo litakalowaua. Anayewafungua huwaandika kwanza namba ya simu kwa ile chaki nene ya nta ya kuwekea mifugo alama. Atakayemwokota ampigie mwenyewe. Tumekua tukiona hivyo.

Kwa hiyo rangi niliielewa.

Namba ndiyo sikuielewa.

Simu ikaita tena, nikaogopa kuipokea. Nikaenda dirishani ili nisiitazame. Na hapo, wajukuu zangu, nikamwona wa nne kwa macho yangu.

Alikuwa amesimama kwenye geti langu.

Farasi jike, mweusi, tumbo kubwa la mimba. Ametulia kabisa, kichwa amekilaza juu ya geti kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Mvua inamchuruzika.

Sisi wa mtaa wa Sully tuko nje ya mji, nyumba chache tu zimepangana kando ya njia, mashamba ya matajiri yametuzunguka kote. Kuona farasi si ajabu. Kuona farasi aliyepita nyumba zote akaja kusimama kwangu, hilo sikulipenda.

Jirani yangu Corliss alikuwa naye kamwona, akaja mbio na kofia ya kuogea kichwani. Corliss ni mwenzangu tangu tukiwa wasichana, mdomo wake hauna breki, ila siku hiyo alifika akanyoosha kidole tu kwenye ubavu.

Tukaitazama ile namba pamoja.

Haikuwa imekamilika.

Tarakimu nne za mwanzo zilikuwa nzuri, zimenyooka. Ya tano ilianza juu, halafu mstari ukateremka, ukapinda, ukaburuzika mpaka chini ya tumbo, kama mkono ulioandika umevutwa na kitu.

Na ile saba.

Saba ilikuwa na mkanda kiunoni, kamstari kamekatiza katikati.

Nikashika geti. Marehemu mume wangu Hobart alitunza farasi wa watu maisha yake yote, na saba zake zote alizifunga mkanda. Alikuwa anasema saba ya kawaida ikinyeshewa juu ya manyoya inageuka moja, na farasi wa watu anapotea. Sijawahi kuona mtu mwingine hapa mjini akiandika saba hivyo kwenye farasi.

Hobart amelala makaburini mwaka wa tisa huu.

Nikamwambia Corliss, kwa sauti ndogo, hii ni kazi ya Hobart.

"Shoga, acha," akasema. "Hobart akiwa hai ulikuwa unamtuma chumvi anarudi na gazeti. Leo kafa ndiyo akumbuke namba ya simu?"

Alitaka nicheke. Lakini naye alikuwa amerudi nyuma hatua mbili kutoka kwa yule farasi.

Nikasimama pale na mvua yangu kichwani, nikawa nawaza. Si Hobart. Wafu hawashiki chaki. Basi ni nani mwingine aliyefundishwa saba hiyo?

Jibu lilipokuja, niliona afadhali lingekuwa la mzimu.

Leland.

Leland ni mwanangu wa mwisho. Baba yake alimfundisha kuandika saba ile juu ya meza yangu ya jikoni, akamkaririsha na namba ya nyumbani mpaka akawa anaisema usingizini. Baada ya mazishi ya baba yake aliondoka kufuata farasi wa mashindano huko Louisiana. Alipiga simu mara chache. Halafu tukasikia yuko Arkansas. Halafu hatukusikia kitu tena.

Binti zangu wameniambia mara nyingi niikate simu ya mezani, nalipia bure, nina ya mkononi. Nami nawajibu ile ya mkononi Leland haijui.

Sasa nifikirieni. Siku hizi watu hawakariri namba, simu ndiyo inakariri. Mtu aliye peke yake bandani, dunia inanguruma, chaki mkononi, ataandika namba gani? Ataandika ile iliyo kichwani. Na kichwani mwa mwanangu iko moja.

Kwa hiyo amerudi. Alikuwa hapa hapa Lexington, analala karibu nami, na hakuniambia.

Na mkono wake ulivutwa kabla hajamaliza kuandika.

"Corliss," nikasema, "leta gari."

Hatukuhitaji kuuliza ni farasi wa wapi. Hatamu yake ilikuwa na utepe wa kijani na njano, na sisi rangi za mashamba tunazijua kama mnavyojua jezi za timu zenu. Kijani na njano ni Tolliver Bend. Tukamwingiza yule mama mjamzito kwenye ua wangu, tukamfungia, tukapanda picapu.

Njia hiyo naijua tangu utoto, lakini siku hiyo sikuitambua. Miti imelala chali, mizizi juu. Kuta za mawe zilizosimama tangu enzi za watumwa zimemwagika barabarani kama meno. Uzio mweusi wa mbao, maili kwa maili, umekatika hapa na pale, na katika kila pengo kuna farasi amesimama anashangaa uhuru wake.

Wengine walikuwa na namba yangu. Wengine hawakuwa na kitu.

Corliss akawa anaongea mfululizo habari za mpira wa kikapu, vijana wa chuo chetu walivyofungwa, kocha afukuzwe. Nikajua anaongea ili nisisikie kilicho kichwani mwangu. Sikumkatisha. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo farasi wenye rangi ya chungwa, na kila niliyemwona nilisema, hapa alikuwa hai. Na hapa alikuwa bado hai.

Aliye na nusu namba alikuwa kule kwangu.

Tukafika.

Banda kubwa la Tolliver Bend lilikuwa limelala chini kama kiberiti kilichokanyagwa. Ukuta mmoja tu ndio uliobaki umesimama, nao umeinama kuelekea kwenye kifusi, umejishikiza kwa boriti mbili tatu. Paa sikuliona. Baadaye niliambiwa lilikutwa kwenye shamba la tumbaku la watu wengine.

Msimamizi wa pale anaitwa Garrett Stamper. Bwana mmoja mrefu, kofia imeloa, matope mpaka kiunoni, simu mbili mkononi zinaita zote. Nilipomwambia mwanangu yuko ndani ya lile banda, alizima simu zote mbili. Hilo nampa haki yake.

Akanieleza kwa upole. King'ora kilipolia waliingiza farasi, wakafunga milango, watu wote wakakimbilia chumba cha chini cha nyumba kubwa. Amewahesabu, akawahesabu tena. Hakuna aliyepungua, na hakuna anayeitwa Leland. Akasema ananipa pole kwa hofu yangu, lakini ana farasi wajawazito wanazurura kwenye barabara za magari, na kila dakika ni roho mbili.

Wajukuu zangu, mtu akikwambia habari njema ambayo huiamini, unaogopa zaidi kuliko akikwambia mbaya.

Nikamwuliza, basi nani kawaandika farasi namba?

Akageuka kumtazama mtunza farasi wake mkuu, Eliseo, mtu wa Guatemala, mtu mzima mwenzetu.

"Si wewe?" akamwuliza.

Eliseo akatikisa kichwa. "Nilijua ni wewe, bosi. Umeandika halafu ukafungua milango, ukaja kujificha na sisi."

"Mimi nilitangulia kuingia chini kabla yako."

Wakatazamana. Halafu wakawatazama wengine, mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa alikuwa anatikisa kichwa.

Nilisikia maji yakidondoka kwenye mabati.

Maisha yangu yote nimetega vitendawili kwa kucheka. Siku ile nilitega kimoja na sikutaka kusikia jibu lake. Nikawaambia: watu wenu wote walikuwa chini ya nyumba, milango imefunguliwa, farasi wameandikwa, na wa mwisho ameandikwa nusu. Ni nani huyo, na yuko wapi?

Eliseo akapiga ishara ya msalaba.

Garrett akawa mweupe zaidi ya alivyozaliwa. Akapiga simu zimamoto. Wakamwambia wako upande wa pili wa mji, mtaa mzima wa nyumba mpya umeanguka, watoto wako ndani, wasubiri, na mtu asiguse kifusi kabla wao hawajafika kwa sababu ya ule ukuta.

Jua lilikuwa limeshaanza kulala.

Sikusubiri. Nina miaka sabini na kitu, goti moja ni la chuma, lakini nilikishika kile kifusi kama ngazi ya kwangu. Garrett akanikamata mkono.

"Mama, ukuta huu ukikuangukia nitamwambia nini mwanao?"

"Mwanangu yumo humo," nikamjibu. "Mtamwambia mkimtoa."

Akaniachia.

Nikapanda mpaka pale nyasi kavu zilipomwagika nyingi. Nikawaomba wazime kila kinachonguruma, trekta, jenereta, magari. Wakazima. Corliss akamfunga mbwa wa shamba mdomo kwa mkono wake mwenyewe.

Nikaita.

"Leland."

Hakuna kitu.

Nikaita tena, sauti ile niliyokuwa namwitia chakula. Upepo ukapita kwenye zile mbao, zikalia kama mlango mbovu. Ule ukuta juu yetu ukakoroma, kipande cha mbao kikadondoka, watu chini wakarudi nyuma. Mimi sikurudi nyuma.

"Leland, mama yako huyu. Gonga, mwanangu. Kama huwezi kusema, gonga."

Ngo.

Chuma kwenye chuma. Mbali, chini.

Ngo. Ngo.

Sijui nani alinipita. Nilijikuta nimekaa pembeni, na wanaume walewale walioambiwa wasiguse wanachimba kwa mikono. Eliseo alikuwa anasimika maboriti chini ya ule ukuta, hatari ameipa mgongo, anasali kwa lugha yake bila kupumzika. Garrett kavua koti, anakata mbao kwa chensoo, ule msumeno wa injini, akikata kidogo anazima, anasikiliza, anakata tena.

Kila chensoo ikiguna, ukuta unajibu.

Mara Eliseo akaniita. Kulikuwa na tundu kati ya mbao, na ndani ya tundu, mkono. Umevaa glovu ya ngozi ya kazini, umejaa vumbi, na vidole vya ile glovu vina rangi ya chungwa.

Nikalala kifudifudi, nikaushika.

Ukanibana.

Jamani.

Nilishika mkono ule wakati wote wanachimba, na nilizungumza. Nilisema kila kitu. Nilimwambia dada yake mkubwa ana mapacha, wana kichwa kigumu kama chake. Nilimwambia kaburi la baba yake limewekwa jiwe, na jiwe limechongwa farasi, fundi kamchonga vibaya kafanana na mbwa, lakini tumemwacha hivyo hivyo. Nilimwambia simu sikuikata. Nilimwambia simwulizi alikuwa wapi, wala leo, wala kesho, atoke tu, kuna maharage na mkate wa mahindi jikoni.

Na kila nikinyamaza, mkono unanibana, kama unasema endelea.

Ukuta ukashuka shubiri moja. Boriti ya Eliseo ikalia. Mtu akapiga kelele tutoke wote.

Hatukutoka.

Garrett akaninyanyua mabegani akaniweka kando, wakashika ile mbao kubwa, wakaiinua kwa pamoja, wakavuta. Kichwa kikatoka. Mabega yakatoka. Wakamburuza mpaka kwenye majani, na nyuma yao ule ukuta ukalala chini kwa kishindo mpaka ardhi ikaruka.

Vumbi likatufunika wote. Nikapapasa mpaka nikamfikia, nikamfuta uso kwa gauni langu.

Hakuwa Leland.

Hakuwa hata rangi yetu.

Alikuwa mzungu mmoja wa umri wa kati, ndevu za mvi, macho ya bluu, mguu umepinda pasipopindika. Ananitazama mimi kama vile ananijua.

Nitawaambia kweli kwa sababu hapa hatudanganyani. Kwa muda wa pumzi moja nilimchukia. Nilitaka kumrudisha ndani ya lile shimo anitolee wa kwangu. Nikamtikisa begani, nikamwuliza Leland yuko wapi, humo ndani kulikuwa na nani mwingine.

"Hakuna mwingine, mama," akasema. Sauti imejaa vumbi. "Nilikuwa peke yangu. Nilisikia anaitwa Leland anaitwa Leland, nikasema basi, leo nakubali kuwa Leland."

Corliss ndiye aliyeangua kicheko, kile kicheko kinachoishia kwenye kilio. Mimi nilikaa chini kwenye matope.

Garrett alimtambua. Anaitwa Denzil Ratliff, mtu wa milimani, mashariki kule kwenye makaa ya mawe. Alikuwa mtunza farasi hapo Tolliver Bend mpaka walipopunguza watu wakati wa baridi. Hakuwa na pa kwenda. Akawa anapanda kwa siri darini, kwenye nyasi, analala juu ya vichwa vya farasi walewale aliowatunza. Hakuna aliyejua.

King'ora kilipolia, aliwasikia wenzake wakiingiza farasi na kukimbia. Akachungulia nje, akaona rangi ya anga, akajua banda halitasimama. Akashuka, akawaandika na kuwafungulia mmoja mmoja, mpaka yule mweusi alipochomoka kabla namba haijaisha, na banda likamwangukia.

Garrett alikuwa amevua kofia. Akamfunika Denzil kwa koti lake.

Mimi nikamwuliza lile lililobaki. Namba yangu ameipata wapi?

Akanitazama kwa mshangao, kama mimi ndiye niliyesahau.

"Wewe si mke wa Hobart?" akasema.

Nikaitikia.

Akaeleza polepole, anakatiza kwa maumivu. Alipokuja mjini kijana asiyejua kitu, bwana wake wa kwanza kazini alikuwa Hobart. Ndiye aliyemfundisha kumwandika farasi, na saba yenye mkanda. Na Hobart alikuwa anawaambia watunza farasi wote wapya jambo moja: namba ya ofisi inabadilika, mabosi wanabadilika, ukiwa na hofu na hujui uandike nini, andika ya nyumbani kwangu. Mke wangu hupokea.

"Na umepokea," Denzil akasema.

Nilikuwa sijui, wajukuu zangu. Mume wangu aligawa namba yangu kwa mabanda yote ya Kentucky, na hakunidokeza hata siku moja. Angekuwa hai ningemnunia wiki nzima.

Gari la wagonjwa likafika. Dada mmoja mwenye kompyuta ndogo akaanza kumwuliza Denzil maswali, umri, mzio, dawa. Akafika kwenye ndugu. Nani apigiwe simu kuambiwa uko hospitali?

Denzil akageuzia uso pembeni.

Nikainama nikamwuliza mimi. Mama yako yu hai? Akasema anadhani yu hai. Nikamwuliza namba yake ni ipi, nimpigie mimi mwenyewe, najua atakavyokuwa.

Akafunga macho, anatafuta. Nikaona midomo yake inajaribu tarakimu moja, anaiacha, anajaribu nyingine.

"Siikumbuki," akasema. "Ninayoikumbuka ni yako tu."

Yule dada alikuwa anasubiri, kidole kiko juu ya kioo.

"Basi andika hiyo," nikamwambia. Nikamtajia mwenyewe, moja moja, na kwenye saba nikamwambia aifunge mkanda. Hakunielewa, lakini hakuuliza.

Simu yangu iliendelea kuita usiku ule na kesho yake. Farasi wa bustani, farasi wa uwanja wa shule, farasi aliyeingia kwenye karakana ya magari akagoma kutoka. Kila ilipoita moyo wangu uliruka. Kila nilipopokea ilikuwa ni farasi. Yule farasi mjamzito wa getini alizalia uani kwangu, jike jeusi kama yeye, na Tolliver Bend wakaja kuwachukua wote wawili. Denzil mguu wake umeungwa, na Jumapili anakula kwangu. Anakula sana. Corliss anasema nimebadilisha paka kwa mzungu.

Leland hajapiga.

Mnaniuliza fundisho. Mimi shule yangu niliishia ya msingi, nitawaambia nililoliona tu.

Nimejiuliza mara nyingi: kama ningejua tangu mwanzo kwamba mle ndani yumo mgeni, aliyefukuzwa kazi, asiyenihusu, ningepanda kile kifusi? Ningewapinga wale wanaume, jua linazama, ukuta umeinama? Najua jibu, na halinipi usingizi mzuri. Ningekaa kwenye gari na Corliss, tukasubiri zimamoto. Na Denzil angekufa akigonga.

Kwa hiyo siku hizi nikisikia ving'ora kwenye barabara ya mzunguko, nikisikia mtu kafukiwa, mtu kapotea, mtu hajulikani ni nani, namwita Leland. Kimoyomoyo. Najilazimisha. Halafu ndiyo naamua kama nitakaa au nitainuka. Nanyi fanyeni hivyo, mpeni jina la wenu, mtaona miguu inavyoinuka yenyewe. Na labda huko aliko wangu, kuna mama mwingine anamwita kwa jina la wake.

Nawaachia kitendawili.

Nina mtoto aliyepotea, nikamtafuta, nikamvuta kwa mikono yangu mpaka nikampata, na bado amepotea.

Jibu ninalo mimi. Nanyi mnalo. Simu iko mezani.